Antonio Gramsci: Fikra zilizokataa kufungwa gerezani

Na Mwandishi Wetu

ALFAJIRI ya Aprili 27, 1937, katika hospitali ya binafsi ya Quisisana jijini Roma, Italia, alifariki dunia mtu mmoja mfupi wa kimo, mwenye kibiongo, aliyekuwa na umri wa miaka 46. Siku sita tu kabla ya hapo muda wa kifungo chake ulikuwa umemalizika, lakini kiharusi hakikumpa nafasi ya kuionja hewa ya uhuru.

Mazishi yake yalifanyika upesi na kwa ukimya. Katika mvua kubwa, gari la maiti lilisindikizwa na ndugu wawili tu, shemeji yake Tatiana na mdogo wake Carlo, huku askari polisi wakiwa wengi kuliko waombolezaji.

Serikali ya Benito Mussolini iliamini kuwa imelifunga faili la mtu huyo. Kumbe haikujua kwamba katika chumba alichofia kulikuwa na madaftari ya shule yaliyojaa mwandiko mdogo, wa mistari iliyonyooka, ambayo miaka mingi baadaye yangesomwa katika vyuo vikuu vya mabara yote.

Huyu si mwingine bali ni Antonio Gramsci, mmoja wa waasisi wa Chama cha Kikomunisti cha Italia na, kwa maoni ya wengi, mwanafalsafa wa siasa aliyeacha alama kubwa kuliko wote waliotokea Italia katika karne ya 20.

Ukuta wa Berlin ulipoanguka mwaka 1989 na Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, wengi walitangaza kwamba fikra za kikomunisti zimezikwa pamoja na dola hizo. Hata hivyo, wanafalsafa hawakukubali mazishi hayo, na miongoni mwa majina yaliyoendelea kutajwa ni la mfungwa huyu aliyekufa zaidi ya nusu karne kabla ya kuanguka kwa dola hizo.

Swali linalostahili kuulizwa ni hili: ilikuwaje fikra za mtu aliyeshindwa kisiasa, aliyefungwa na serikali yake na kutiliwa shaka na baadhi ya wenzake, zidumu kuliko madola yaliyodai kuzitekeleza?

Utoto wa dhiki Sardinia

Gramsci alizaliwa Januari 22, 1891, katika mji mdogo wa Ales kwenye kisiwa cha Sardinia, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Francesco Gramsci na Giuseppina Marcias. Sardinia ilikuwa moja ya sehemu maskini kabisa za Italia, ambako watu wa kaskazini waliwatazama wenyeji kama viumbe wavivu wasio na maendeleo.

Akiwa bado mtoto mdogo uti wa mgongo wake ulianza kupinda. Wazazi walijaribu kila tiba waliyoijua, hata kumning'iniza kwenye boriti kwa mikanda kwa matumaini kwamba mgongo ungenyooka. Haukunyooka. Alipokuwa mtu mzima kimo chake kilikuwa chini ya mita moja na nusu. Hali yake ilipozidi kuwa mbaya utotoni, mama yake alinunua jeneza dogo na nguo ya maziko, vitu vilivyobaki ndani ya nyumba kwa miaka mingi.

Msiba wa pili ulikuja mwaka 1898. Baba yake, aliyekuwa karani wa serikali, alikamatwa kwa tuhuma za ubadhirifu na kufungwa kwa zaidi ya miaka mitano. Mama akabaki na watoto saba, akiwalisha kwa kazi ya cherehani.

Kwa sababu hiyo, Antonio alipomaliza shule ya msingi hakuendelea na masomo. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alianza kazi katika ofisi ya serikali mjini Ghilarza, akibeba majalada yenye uzito kuliko mwili wake kwa saa 10 kila siku, na Jumapili asubuhi pia. Malipo yake yalikuwa lira tisa kwa mwezi, fedha iliyotosha kununua kilo moja ya mkate kwa siku. Usiku alilia kwa siri kwa maumivu ya mwili.

Hapa ndipo ilipoanzia hasira yake dhidi ya dhuluma. Alijionea watoto wa wenye duka la nyama, la dawa na la nguo wakiendelea na shule, ilhali yeye aliyekuwa akiwashinda darasani alibaki nyuma.

Turin na moshi wa viwanda

Baba yake alipotoka gerezani, Antonio alirudi shuleni, akasoma Santu Lussurgiu na baadaye sekondari ya Dettori mjini Cagliari. Kaka yake Gennaro, aliyekuwa ameonja siasa za wafanyakazi alipokuwa askari mjini Turin, alimletea magazeti ya Kisoshalisti.

Mwaka 1911 alishinda ufadhili uliotengwa kwa ajili ya vijana maskini waliotoka katika uliokuwa ufalme wa Sardinia, akajiunga na Chuo Kikuu cha Turin. Katika mtihani huohuo alikuwemo kijana mwingine, Palmiro Togliatti, ambaye baadaye angekuwa kiongozi wa chama chao kwa miongo kadhaa.

Chuoni alizama katika taaluma ya lugha chini ya Profesa Matteo Bartoli, aliyetarajia kijana huyo angekuwa bingwa wa isimu. Umaskini, baridi ya kaskazini na maradhi vilimwelemea, na mwaka 1915 aliacha masomo bila kupata shahada.

Lakini taaluma ya lugha haikumtoka kamwe. Mwaka 1927, akiwa mahabusu, alimwandikia dada yake Teresina akimsihi asimzuie mtoto wake kusema Kisardinia. Aliona kumnyima mtoto lugha ya nyumbani ni kumfunga akili. Msomaji wa Afrika Mashariki anayeujua mjadala wetu wa lugha ya kufundishia hatashangazwa na hoja hiyo.

Turin ya wakati huo ilikuwa mji wa viwanda, hususan kiwanda cha magari cha Fiat kilichoanzishwa mwaka 1899. Gramsci aliingia katika uandishi wa habari, akiandika katika magazeti ya Chama cha Kisoshalisti kuhusu siasa, michezo ya kuigiza na maisha ya mitaani.

Mei 1, 1919, yeye pamoja na Togliatti, Angelo Tasca na Umberto Terracini walianzisha gazeti la L'Ordine Nuovo, yaani Utaratibu Mpya. Kupitia gazeti hilo walihimiza mabaraza ya wafanyakazi viwandani, wakisema kwamba mfanyakazi anayejifunza kuendesha kiwanda anajifunza pia kuendesha nchi.

Septemba 1920 wafanyakazi waliviteka viwanda katika miji mingi ya Italia, na huko Turin waliendelea kuzalisha bila wakurugenzi. Hata hivyo, vuguvugu hilo halikuenea na kuwa mapinduzi. Wafanyakazi walirudi kazini kwa ahadi za mishahara na mageuzi, na miaka miwili baadaye Mussolini akaingia madarakani.

Kushindwa huko ndiko kulikomwachia Gramsci swali lililomsumbua hadi kufa: kwa nini mapinduzi yaliwezekana Urusi, nchi ya wakulima, lakini yakashindikana Ulaya Magharibi, ambako nadharia ya Karl Marx ilielekeza kwamba yangeanzia?

Mbunge anayepelekwa kisiwani

Januari 21, 1921, mjini Livorno, Wasoshalisti waligawanyika na Chama cha Kikomunisti kikazaliwa chini ya uongozi wa Amadeo Bordiga. Mwaka uliofuata Gramsci alitumwa Moscow. Huko aliugua na kulazwa, na hospitalini ndipo alipokutana na Julia Schucht, mpiga fidla, ambaye alikuja kuwa mkewe.

Walipata watoto wawili wa kiume. Delio alizaliwa mwaka 1924 na Giuliano mwaka 1926. Giuliano hakumwona baba yake hata siku moja.

Aprili 1924 Gramsci alichaguliwa kuwa mbunge, akarudi Italia akitegemea kinga ya ubunge, na mwaka huohuo akawa katibu mkuu wa chama. Ilikuwa miezi ya hatari. Juni 10, 1924, mbunge wa Kisoshalisti, Giacomo Matteotti, alitekwa na kuuawa na wafuasi wa ufashisti.

Mei 16, 1925, Gramsci alitoa hotuba yake pekee bungeni, mbele ya Mussolini mwenyewe, kwa sauti ndogo iliyowalazimu wabunge wa upande wa pili kusogea karibu ili wamsikie.

Usiku wa Novemba 8, 1926, alikamatwa jijini Roma, na kinga yake ikawa si kitu. Alipelekwa kisiwa cha Ustica, kisha gereza la Milan. Mwaka 1928 mahakama maalumu ilimhukumu kifungo cha miaka 20, miezi minne na siku tano. Inasimuliwa kwamba mwendesha mashtaka aliitaka mahakama iuzuie ubongo huo usifanye kazi kwa miaka 20.

Hapo ndipo serikali ilipokosea hesabu zake.

Mfungwa namba 7047

Katika gereza la Turi, karibu na mji wa Bari, Gramsci alikuwa mfungwa namba 7047. Aliruhusiwa kuandika barua moja kila baada ya majuma mawili. Kelele za askari zilimnyima usingizi, meno yalimng'oka, tumbo lilikataa chakula. Alisubiri hadi mwaka 1929 ndipo akapewa ruhusa ya kuandika ndani ya chumba chake, na Februari 8 mwaka huo akalifungua daftari la kwanza.

Hadi maradhi yalipomlazimisha kuiweka kalamu chini mwaka 1935, alikuwa ameandika madaftari 33, manne kati yake yakiwa ya tafsiri. Aliandika kuhusu historia ya Italia, Machiavelli, shule, Kanisa, magazeti, riwaya za mitaani na viwanda vya Marekani. Kwa kuwa askari magereza walisoma kila ukurasa, alitumia maneno ya mafumbo. Umarx, kwa mfano, aliuita falsafa ya vitendo, ingawa wapo wataalamu wanaosema jina hilo lilibeba pia msimamo wake wa kifalsafa.

Kazi hiyo isingewezekana bila watu wawili. Wa kwanza ni Tatiana, dada wa mkewe, aliyebaki Italia akimpelekea nguo, dawa na barua. Wa pili ni rafiki yake Piero Sraffa, mchumi aliyehamia Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 1927, ambaye alimfungulia akaunti katika duka moja la vitabu mjini Milan ili apate kila kitabu alichoruhusiwa kusoma.

Mkasa wa Sraffa unaonesha jinsi fikra zinavyosafiri. Huko Cambridge alikuwa mtu wa karibu wa Ludwig Wittgenstein, mmoja wa wanafalsafa wakubwa wa karne hiyo. Inasimuliwa kwamba siku moja Wittgenstein alishikilia kuwa kila kauli lazima iwe na umbo la kimantiki sawa na jambo inaloeleza. Sraffa akajikwangua chini ya kidevu kwa ncha za vidole, ishara ya dharau wanayoitumia watu wa Napoli, kisha akamtaka aseme umbo la kimantiki la ishara hiyo.

Wittgenstein alikiri baadaye, katika dibaji ya kitabu chake kikuu cha pili, kwamba ukosoaji wa Sraffa ulichochea mawazo yake muhimu. Mchumi na mwanafalsafa Amartya Sen aliandika mwaka 2003 kuhusu uhusiano wa watu hao watatu, akionesha kwamba hoja ya Sraffa ya kuitazama lugha ndani ya maisha ya watu ilikuwa ya kawaida katika kundi la Turin alikotokea Gramsci.

Majeraha mengine ya gerezani hayakutoka kwa mafashisti. Mwaka 1930 Gramsci alipingana na msimamo wa chama chake, uliofuata maelekezo ya Moscow, kwamba mapinduzi yalikuwa karibu na kwamba Wasoshalisti wasichukuliwe kama washirika. Yeye aliona ufashisti ungeondolewa kwanza kwa umoja mpana na bunge la kutunga katiba. Baadhi ya wafungwa wenzake walimtenga.

Kwa mujibu wa mwandishi wa wasifu wake, Giuseppe Fiori, kaka yake Gennaro, aliyetumwa na chama kumpa taarifa gerezani, aliwaficha viongozi ukweli kuhusu msimamo huo, akihofia ndugu yake asije akafukuzwa chamani.

Mwishoni mwa mwaka 1932 mama yake alifariki. Familia ilimficha habari hiyo, naye akaendelea kumtumia salamu mama ambaye hayupo.

Mara kadhaa aliambiwa kwamba ombi la msamaha kwa Mussolini lingemfungulia mlango. Alikataa, akiona kwamba kuomba msamaha ni kukubali kuwa alikosea, na kwamba huko kungekuwa kujiua kwa namna nyingine. Kampeni iliyofanywa nje ya nchi na watu kama mwandishi Mfaransa Romain Rolland ilisaidia kumpatia uhuru wa masharti Oktoba 1934, lakini mwili ulikuwa umekwisha.

Nguvu na ridhaa

Ni nini basi alichokigundua?

Jibu lake kwa swali la mwaka 1920 lilikuwa kwamba hakuna tabaka linalotawala kwa rungu peke yake. Nyuma ya polisi na mahakama yapo mahandaki mengine: shule, nyumba za ibada, magazeti, vyama na desturi. Humo wanaotawaliwa hufundishwa kuuona mpangilio uliopo kuwa ndio maumbile ya dunia. Utawala huo wa ridhaa ndio unaoitwa hejemonia.

Katika nchi ya namna hiyo kuivamia ikulu hakutoshi. Inahitajika vita ya muda mrefu ya mahandaki, vita ya kuzishinda akili na mioyo kabla ya kushika dola.

Pili, alisema kila binadamu ni mwanafalsafa, kwa kuwa ndani ya lugha, imani na misemo yake umo mtazamo wa dunia. Tatizo ni kwamba mtazamo huo umechanganyika. Sisi wenyewe tunao ushahidi katika methali zetu. Anayesema mnyonge hana haki, au mwenye nguvu mpishe, hufundisha unyenyekevu mbele ya mkubwa. Lakini lugha hiyohiyo inasema umoja ni nguvu. Kazi ya mwanafikra, kwa Gramsci, ni kuichukua chembe ya busara iliyomo tayari kwa wananchi na kuikuza.

Tatu, alipanua maana ya msomi. Fundi mkuu, mwalimu wa kijijini, padri na mwandishi wa habari wote ni wasomi, maana hupanga na kueleza maisha ya tabaka fulani. Wavujajasho nao hawana budi kuwa na wasomi waliochipuka miongoni mwao.

Baada ya kaburi

Tatiana aliyaokoa madaftari, na mwaka 1938 yakafika Moscow. Barua zake zilichapishwa mwaka 1947 na kupata tuzo ya fasihi ya Viareggio. Madaftari yalifuata kati ya mwaka 1948 na 1951, yakiwa yamepangwa kimada chini ya usimamizi wa Togliatti, na baadhi ya mambo yasiyokipendeza chama yakiwa yameachwa. Toleo kamili lililohaririwa na Valentino Gerratana lilitoka mwaka 1975.

Tangu hapo jina lake limevuka mipaka ya chama chake, ambacho chenyewe kilivunjwa mwaka 1991. Stuart Hall, mzaliwa wa Jamaika, alitumia hejemonia kueleza kwa nini wafanyakazi wengi wa Uingereza walimpigia kura Margaret Thatcher. Edward Said, Mpalestina, aliitumia katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu jinsi Magharibi ilivyoichora Mashariki. Nchini India, Ranajit Guha na wenzake waliazima neno lake la wanyonge walio chini, wakaanza mwaka 1982 kuandika upya historia ya wakulima.

Ernesto Laclau na Chantal Mouffe waliijenga upya nadharia hiyo mwaka 1985, na mawazo yao yakawagusa waasisi wa chama cha Podemos cha Hispania, kilichozaliwa mwaka 2014.

Mjadala mpana nao haujafa. Mwaka 1993 Mfaransa Jacques Derrida aliandika kitabu kuhusu mizimu ya Marx, na Machi 2009, wakati dunia ikitikiswa na mgogoro wa mabenki, Alain Badiou, Slavoj Žižek, Antonio Negri na wengineo walikutana London kujadili wazo la ukomunisti mbele ya ukumbi uliofurika. Badiou alizaliwa mwaka 1937, mwaka uleule aliokufa Gramsci.

La kushangaza ni kwamba hata mahasimu wake wamekuwa wanafunzi wake. Tangu miaka ya 1970 Alain de Benoist na kundi lake la mrengo mpya wa kulia nchini Ufaransa walihubiri kwamba ushindi wa kisiasa hutanguliwa na ushindi wa kiutamaduni, somo walilolitoa kwa mfungwa wa Turi.

Wapo wanaomkosoa, na wana hoja. Perry Anderson alionesha mwaka 1976 kwamba maana ya hejemonia hubadilika-badilika ndani ya madaftari. Wengine, kama Norberto Bobbio, waliuliza iwapo nadharia hiyo inaweza kupatana na demokrasia ya vyama vingi, au ni njia laini ya kufikia utawala wa chama kimoja. Ikikumbukwa yaliyotendwa chini ya Stalin, swali hilo si la kupuuzwa. Gramsci hakuacha jibu kamili, kwani aliacha madaftari, hakuacha kitabu.

Pengine hapo ndipo ulipo ukweli kuhusu uhai wa fikra za kikomunisti katika falsafa ya leo. Zinazosomwa si amri za dola wala hotuba za viongozi walioshinda. Yanayosomwa ni maswali ya mtu aliyeshindwa, akakubali kwamba ameshindwa, akakaa chini kuchunguza sababu.

Majivu yake yamehifadhiwa katika makaburi ya wasio Wakatoliki jijini Roma, karibu na lango la San Paolo, mahali ambapo wageni kutoka nchi nyingi bado huacha maua. Mussolini aliuawa Aprili 28, 1945, miaka minane na siku moja baada ya kifo cha mfungwa wake. Kati ya wawili hao, mmoja alikuwa na magereza na mwingine alikuwa na kalamu. Waliojenga hoja zao juu ya maandishi ya huyo wa pili, kutoka Kingston hadi Kolkata, hawakuwahi kuomba ruhusa ya huyo wa kwanza.